HAMBAKA: UTEUZI NA UFUNGAJI WA KINASA PACHA CHA GITAA LA UMEME

Utangulizi

Mpiga gitaa anapochomeka gitaa lake la umeme kwenye amplifaya na kupandisha sauti, aghalabu husikia vitu viwili. Cha kwanza ni muziki wake. Cha pili ni mvumo mzito usiokoma, mfano wa nyuki walionaswa ndani ya debe, ambao huwepo hata nyuzi zikiwa zimetulia tuli. Katika ukumbi wenye ngoma na tarumbeta mvumo huo humezwa usitambulike. Kanisani wakati wa maombi ya kimya, au studioni mtu anaporekodi wimbo wa taratibu, mvumo huohuo huwa kero isiyovumilika. Si ajabu mwenye gitaa kubadilisha amplifaya, kisha waya, kisha amplifaya tena, na mvumo ukazidi kumfuata kama kivuli.

Makala haya yanaeleza kifaa kilichobuniwa mahususi kwa ajili ya kuunyamazisha mvumo huo, yaani hambaka: asili yake, namna kinavyofanya kazi, mambo ya kuzingatiwa kabla ya kukinunua, na jinsi ya kukifunga bila kuliharibu gitaa.

Suala la istilahi halina budi kuguswa mapema. Kifaa kinachogeuza mtetemo wa uzi kuwa umeme huitwa na wengi pikapu. Tatizo ni kwamba kwa msemaji wa kawaida wa Kiswahili pikapu ni gari dogo la kubebea mizigo, na sentensi kama “pikapu yangu imekatika waya” itampeleka msikilizaji gereji. Hapa limetumiwa neno kinasa, ingawa nalo lina udhaifu wake: wengi hulihusisha na kinasa sauti, chombo kinachodaka sauti iliyo hewani. Kinasa cha gitaa hakidaki sauti ya hewani. Mtu akikipigia kelele, hakimsikii. Kinachonaswa ni mwendo wa chuma. Jina hambaka lenyewe limetoholewa kutoka Kiingereza, ambako liliundwa kwa neno lenye maana ya mvumo na jingine lenye maana ya kupinga. Kinasa pacha ni fasiri inayofaa kwa kuwa ndani ya kifaa hiki mna koili mbili zilizolala ubavu kwa ubavu.

Chanzo cha mvumo

Mwaka wa 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba uga sumaku unaobadilika huzalisha umeme katika waya ulio karibu nao. Kinasa cha gitaa ni matumizi ya moja kwa moja ya ugunduzi huo. Sumaku iliyo chini ya nyuzi huufanya uzi wa chuma nao uwe na usumaku kidogo. Uzi ukipigwa, uga unayumba pamoja nao, na katika koili ya waya mwembamba inayoizunguka sumaku huzuka umeme dhaifu unaoyumba kwa kasi ileile ya uzi. Amplifaya huukuza umeme huo hadi ukatosha kukisukuma kipaza sauti.

Hii ndiyo sababu kinasa cha aina hii hakifai kwa ala yenye nyuzi za nailoni. Mpiga udi wa taarab anayetaka kusikika ukumbini hulazimika kutumia maikrofoni au kinasa cha aina nyingine, kwa maana nailoni haivutwi na sumaku.

Koili, hata hivyo, haina macho. Haiwezi kutofautisha uga unaoyumbishwa na uzi na uga unaotoka kwenye nyaya za umeme ukutani, transfoma ya amplifaya au taa za jukwaani. Umeme wa majumbani nchini Kenya hubadilisha mwelekeo na kurudi mara 50 kwa sekunde. Wa Marekani hufanya hivyo mara 60. Kila kifaa kinachotumia umeme huo hutoa uga unaoyumba kwa marudio hayo na mafungu yake: 100, 150 na kuendelea. Koili huupokea uga huo kwa uaminifu uleule inaoupokelea wimbo. Kwa hiyo kinasa cha koili moja kinachovuma hakijaharibika. Kinafanya kazi yake vizuri mno.

Asili ya hambaka

Magitaa ya umeme yaliyouzwa tangu miaka ya 1930 yalikuwa na koili moja katika kila kinasa. Mhandisi Seth Lover, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Gibson huko Kalamazoo, jimbo la Michigan, ndiye aliyeombwa suluhisho. Aliwasilisha ombi la hataza mwezi Juni 1955, na kufikia mwaka wa 1957 kinasa chake kilikuwa kimeanza kufungwa katika magitaa ya Les Paul. Hataza yenyewe ilitolewa Julai 1959. Katika kipindi hicho cha kusubiri, vinasa vilibandikwa kibandiko kidogo kilichosema kwamba hataza imeombwa, na hadi leo vinasa vya enzi hiyo hujulikana duniani kwa herufi tatu za kibandiko hicho, PAF. Hataza ilipopatikana, kibandiko kilichofuata kilibeba nambari isiyokuwa ya kinasa. Nambari iliyochapishwa ilikuwa ya hataza ya Les Paul kuhusu kishikizo cha nyuzi. Ikiwa lilikuwa kosa au hila ya kuwapoteza washindani, wapenzi wa magitaa wamelijadili kwa miongo mingi.

Lover hakuwa peke yake. Ray Butts, fundi wa Marekani aliyeshirikiana na kampuni ya Gretsch, alibuni kinasa cha koili mbili kiitwacho Filter'Tron karibu wakati uohuo, na hataza yake ikatolewa Juni 1959, mwezi mmoja kabla ya ile ya Lover. Tatizo lilikuwa limeiva, na watu wawili walilichuma kila mmoja kwa upande wake.

Hila yenyewe ni rahisi kwa yeyote anayeijua sarufi ya Kiswahili. Koili mbili huwekwa pamoja, ya pili ikiwa imeunganishwa kinyume na ya kwanza. Mvumo kutoka nje huzifikia zote mbili kwa pamoja. Ya kwanza inapousukuma umeme mbele, ya pili huuvuta nyuma, na matokeo yake ni karibu sufuri. Mambo yangeishia hapo, wimbo nao ungefutika. Ndipo likafanyika jambo la pili: koili hizo zimepewa ncha tofauti za sumaku, moja kaskazini na nyingine kusini. Uzi ukitetema, koili ya pili hugeuzwa mara mbili, kwanza kwa muunganisho na pili kwa sumaku. Kugeuzwa mara mbili ni kama ukanushi wa ukanushi. Anayesema “hakuna asiyejua” amesema kwamba wote wanajua. Sauti ya nyuzi basi hujumlishwa, na mvumo, uliokanushwa mara moja tu, hufutika.

Faida hiyo ina gharama yake. Koili mbili zinazosikiliza uzi katika sehemu mbili zilizokaribiana hupoteza baadhi ya sauti nyembamba za juu, na wingi wa waya huziteremsha zaidi. Hambaka kwa hiyo hutoa sauti nene, nzito na yenye nguvu, ilhali koili moja hutoa sauti angavu yenye makali. Hakuna iliyo bora kwa kila muziki.

Uteuzi

Swali la kwanza la mnunuzi lisiwe “ni hambaka gani iliyo bora?” bali “ni muziki gani unaopigwa?” Anayepiga miziki mizito ya roki hutaka kinasa chenye nguvu, kitakachoilemea amplifaya mpaka sauti ikwaruze. Mpiga benga huhitaji jambo tofauti kabisa. Katika benga iliyotambulishwa na watu kama Daniel Owino Misiani na kundi lake la Shirati Jazz, gitaa la kwanza hukimbia juu ya mengine kwa noti za mbio zilizo wazi kama punje za mtama. Wengi huulinganisha mchezo huo na wa nyatiti. Kinasa chenye nguvu kupita kiasi huzigandisha punje hizo zikawa uji. Hali ni hiyohiyo kwa mpiga sebene wa mtindo wa Kongo. Wapigaji wa namna hii wakitaka hambaka, watafute ile yenye nguvu ya wastani, iliyo karibu na zile za Lover.

Nguvu hiyo itajulikanaje? Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotoshwa. Matangazo huonyesha ukinzani wa koili kwa kilo-omu, na mnunuzi hudhani kwamba namba kubwa ni nguvu kubwa. Hambaka za miaka ya 1950 huwa na kati ya kilo-omu 7 na 9, huku kila koili ikiwa na mizunguko ipatayo 5,000 ya waya wenye unene wa milimita 0.063 hivi, mwembamba kama unywele. Hambaka ya JB ya kampuni ya Seymour Duncan ina zaidi ya kilo-omu 16. Je, ina nguvu maradufu? La hasha. Waya ukiwa mwembamba zaidi, ukinzani hupanda hata kama mizunguko haijaongezeka sana. Ukinzani huwafaa wanaolinganisha vinasa viwili vyenye waya wa unene mmoja na sumaku ya aina moja. Nje ya hapo, hueleza machache. Wauzaji hawalisemi hili kwa sauti, na si ajabu: kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Sumaku nayo ina usemi. Nyingi ni za alniko, aloi ya chuma yenye alumini, nikeli na kobalti, nayo hupewa namba. Alniko ya 2 ni dhaifu kiasi na sauti yake huwa laini na yenye mviringo. Alniko ya 5 ina nguvu zaidi, besi yake ni kavu na sauti za juu zinang'ara. Sumaku za kauri zina nguvu kuliko zote mbili na ni za bei nafuu. Huonekana katika magitaa ya bei ya chini, na wengi huzidharau kwa sababu hiyo. Dharau hiyo si ya haki. Super Distortion ya Larry DiMarzio, iliyotoka mwaka wa 1972 na kufungua biashara nzima ya kuuza vinasa vya kubadilishia, ilitumia sumaku ya kauri kwa makusudi.

Mahali pa kinasa pazingatiwe pia. Karibu na daraja uzi hausogei sana, kwa hiyo kinasa cha hapo hutoa umeme mdogo na sauti kali. Karibu na shingo uzi huyumba kwa upana, na sauti huwa nene. Ndiyo sababu watengenezaji huzungusha waya mwingi zaidi katika kinasa cha daraja. Anayenunua hambaka ya daraja yenye nguvu na kuifunga shingoni kwa kuwa aliipata kwa bei nzuri atapata besi iliyovimba isiyo na herufi za kusomeka.

Vipimo viwili vya mwili navyo havina mjadala. Hambaka ya kawaida ni takriban milimita 70 kwa 38. Gitaa lililochongwa kwa ajili ya koili moja halitaimeza bila kuongezwa tundu. Kabla ya kuchukua patasi, mwenye gitaa akumbuke kwamba mbao iliyochongwa hairudi. Zipo hambaka nyembamba zilizotengenezwa kuingia katika nafasi ya koili moja, nazo huondoa mvumo kwa kanuni ileile. Kipimo cha pili ni upana wa nyuzi, kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita pale juu ya kinasa. Katika magitaa ya namna ya Gibson upana huo katika kinasa ni kama milimita 49. Katika mengi yenye daraja la namna ya Fender ni kati ya 51 na 53. Vichwa vya skrubu vikikosa kuwa chini ya nyuzi, nyuzi za pembeni zinaweza kusikika dhaifu.

Jambo la mwisho kuhusu uteuzi ni la kuokoa fedha. Kabla ya kununua chochote, inafaa nyuzi chakavu zibadilishwe na kinasa kilichopo kiinuliwe au kishushwe kwa skrubu zake mbili za pembeni. Marekebisho hayo hayazidi bei ya seti moja ya nyuzi, na mara nyingi huzaa tofauti ambayo mtu alidhani ingemgharimu kinasa kipya.

Ufungaji

Vifaa vinavyohitajika si vingi: bisibisi, koleo ndogo, kikwangulio cha waya, lehemu, chuma cha kulehemu cha wati 40 hivi, na mita ya kupimia umeme. Gitaa la kawaida lisilo na betri halina umeme wowote wa hatari ndani yake likiwa limechomolewa. Amplifaya ni kitu kingine kabisa. Ndani yake mna kapasita zinazoweza kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya kuzimwa, na asiye fundi asiifungue.

Gitaa hulazwa juu ya blanketi, nyuzi zikalegezwa au kuondolewa, na sehemu ya mbao iliyo karibu ikafunikwa kitambaa, maana tone moja la lehemu huacha kovu la kudumu kwenye rangi. Kabla ya kukata waya wowote, muunganisho wa zamani uchorwe au upigwe picha. Anayeruka hatua hii kwa kuamini kumbukumbu yake huijutia baadaye anapokuta nyaya tatu za rangi moja na hajui ipi ilitoka wapi.

Hambaka za zamani zilikuwa na waya mmoja uliovikwa suka la chuma. Nyingi za leo zina nyaya nne za rangi pamoja na mmoja ulio wazi: kila koili ina mwanzo na mwisho wake, na ule ulio wazi ni wa kinga. Nyaya mbili kati ya hizo nne huunganishwa zenyewe kwa zenyewe ili koili ziwe mfululizo. Mmoja hupeleka sauti. Wa nne pamoja na ule wa wazi huenda ardhini, yaani kwenye mgongo wa kidhibiti cha sauti. Hatari iko katika rangi. Katika vinasa vya Seymour Duncan, mweusi ndio wa sauti, mwekundu na mweupe huunganishwa, na wa kijani huenda ardhini. Katika vinasa vya DiMarzio, mwekundu ndio wa sauti, mweusi na mweupe huunganishwa, na wa kijani vilevile huenda ardhini.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini tazama kinachotokea fundi akikifunga kinasa cha DiMarzio kwa kufuata mchoro wa Seymour Duncan. Koili moja huwa imegeuzwa. Ukanushi mmoja umeongezwa pasipotakiwa, na mambo yote hupinduka: sauti ya nyuzi katika koili mbili hufutana na kubaki nyembamba kama ya redio ndogo, ilhali mvumo, ambao ndio uliopaswa kufutika, hujumlishwa. Hambaka imegeuka kuwa mtambo wa kukuza mvumo. Kibaya zaidi, mita ya umeme haitagundua kosa hilo, kwa sababu ukinzani wa koili mbili mfululizo haubadiliki moja ikigeuzwa. Inawezekana kabisa kinasa kizuri kikarudishwa dukani kwa kosa hili. Mchoro wa mtengenezaji wa kinasa chenyewe ndio ufuatwe, wala si wa jirani yake.

Kulehemu kwenyewe kuna siri moja: kinachopaswa kupata joto ni vyuma vinavyounganishwa, na joto la vyuma hivyo ndilo liyeyushe lehemu. Anayeyeyusha lehemu kwenye ncha ya chuma cha kulehemu kisha akaipaka kama siagi hupata kiungo baridi, kilichofifia rangi, ambacho hushika leo na kuachia katikati ya onyesho. Kiungo kizuri hulowana, hung'aa na kutandaa. Mgongo wa kidhibiti ni mgumu kwa kuwa ni chuma kipana kinachonyonya joto. Ukwanguliwe kwanza kwa msasa, upashwe moto kwa sekunde chache, na chuma kiondolewe mapema iwezekanavyo kwa kuwa joto la muda mrefu huharibu kilicho ndani. Kiungo cha nyaya mbili zinazounganisha koili kifunikwe kwa utepe wa kuhami. Kikigusa ardhi, koili moja itanyamaza.

Vidhibiti vyenyewe vina sehemu yao katika matokeo. Magitaa ya koili moja kwa kawaida huwa na vidhibiti vya kilo-omu 250, ambavyo hupunguza makali ya sauti za juu. Hambaka, isiyo na makali mengi tangu mwanzo, hufungwa pamoja na vidhibiti vya kilo-omu 500. Aliyebadilisha kinasa bila kubadilisha vidhibiti hulalamika kwamba hambaka yake inasikika kana kwamba imefunikwa blanketi. Kapasita ya kidhibiti cha mlio nayo huwa ya mikrofaradi 0.022 katika magitaa mengi ya hambaka.

Kabla ya kurudisha nyuzi, kazi ijaribiwe. Kidhibiti cha sauti kikiwa kimefunguliwa chote na kinasa kimoja kimechaguliwa, vipimo vichukuliwe kwenye tundu la waya. Kinasa cha kilo-omu 8 kitasomeka takriban 7.9, kwa sababu kidhibiti cha 500 kimekaa sambamba nacho. Mita ikisoma sufuri, waya wa sauti umegusa ardhi mahali fulani. Ikisoma karibu 500, koili haijaunganishwa kabisa, na mita inapima kidhibiti peke yake. Ikisoma nusu ya kilichotarajiwa, koili moja imeachwa nje. Kisha gitaa lichomekwe kwenye amplifaya kwa sauti ndogo na vichwa vya skrubu viguswe kwa bisibisi ya chuma, safu moja baada ya nyingine: koili zote mbili zinapaswa kujibu kwa mlio wa karibu nguvu moja.

Penye vinasa viwili limebaki jaribio moja. Vyote vikichaguliwa kwa pamoja na sauti ikawa ya puani, yenye besi iliyokauka, vinasa hivyo vinapingana. Mita huthibitisha: bisibisi ikilazwa juu ya kinasa kisha ikang'olewa ghafla, namba ya ukinzani huruka kidogo juu au chini, na vinasa viwili vinapaswa kuruka upande mmoja. Dawa ni kubadilishana waya wa sauti na ule wa ardhi katika kinasa kimoja tu, huku ule wa wazi ukiachwa ardhini. Penye waya mmoja wa suka dawa hiyo haiwezekani, na sumaku yenyewe ndiyo hugeuzwa, kazi ambayo ni heri apewe fundi aliyezoea.

Wapo wanaopenda kuongeza swichi ya kuizima koili moja ili hambaka iimbe kama koili moja. Ni nyongeza nzuri kwa mpigaji anayehitaji sauti mbili katika gitaa moja. Asishangae tu mvumo ukirudi.

Nyuzi zikisharejeshwa, kimo hupimwa huku uzi ukiwa umebanwa kwenye kigawanyo cha mwisho cha shingo. Milimita 2.5 upande wa shingo na 1.5 hadi 2 upande wa daraja ni mwanzo mwema; kilichobaki ni masikio. Sumaku iliyokaribia mno huuvuta uzi na kuufupishia uhai wa mlio wake.

Mvumo usiokwisha

Hutokea kazi yote ikafanywa sawasawa na kelele fulani ikabaki. Kuna njia ya kutambua asili yake. Mpigaji akizigusa nyuzi kwa mkono na kelele ikapungua, chanzo ni kinga hafifu ya nyaya ndani ya gitaa, na hambaka haina uwezo juu yake. Utandu wa shaba unaobandikwa ndani ya tundu na kuunganishwa na ardhi ndio unaosaidia. Kelele isiyojali kuguswa, lakini inayobadilika mpigaji anapogeuka kuelekea upande mwingine wa chumba, ni uga sumaku, na hiyo ndiyo kazi ya hambaka. Kelele inayozidi mtu anapozigusa nyuzi ni dalili ya waya wa ardhi uliokatika au kugeuzwa, na hapo gitaa lichomolewe mara moja.

Jambo hili la mwisho si la sauti tu. Daraja la gitaa huunganishwa na ardhi kwa waya mwembamba, hivyo mpigaji aliyeshika nyuzi ameunganishwa na amplifaya, na kupitia amplifaya na mfumo mzima wa umeme wa jengo. Mfumo huo ukiwa salama, hakuna shaka. Ukiwa na kasoro, mwili wake huwa waya. Mei 1972 Les Harvey, mpiga gitaa wa kundi la Stone the Crows, alikufa jukwaani mjini Swansea baada ya kushika maikrofoni isiyounganishwa vizuri na ardhi. Mei 1976 Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, alikufa nyumbani kwake akipiga gitaa la umeme lenye hitilafu ya aina hiyo.

Nchini Kenya plagi ina miguu mitatu, na ule mrefu wa juu ni wa ardhi. Ni jambo la kawaida kuona amplifaya iliyoletwa kutoka ng'ambo ikiwa na plagi ya miguu miwili, na mtu akichokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili hiyo miwili iingie. Taa ya amplifaya huwaka, muziki hutoka, na waya wa ardhi haupo. Wengine hukata mguu wa ardhi kwa makusudi kwa sababu mvumo hupungua wanapofanya hivyo. Penye amplifaya ya namna hiyo, fundi wa umeme aitwe kwanza aangalie plagi, soketi na ardhi ya jengo. Hambaka inaweza kusubiri hadi amalize.